Mistari Minne Isiyo ya Maalim

Habari njema ilimkuta Muhsina mlimani, kwenye barabara ya kutoka Al Amerat kwenda Maskati, nyuma ya lori la mchanga lililokuwa likijikokota kama limelazimishwa kwenda kazini. Ilikuwa saa moja na robo asubuhi, saa ambayo Al Amerat nzima huteremka mjini kwa pamoja, na yeye alishaizoea foleni ile hata wanja alikuwa akipakia humo humo. Simu ikalia. Balqis, binti wa Maalim Abukar, alikuwa amemtumia ujumbe wa sauti, analia na kucheka kwa mpigo mmoja.

"Khalti Muhsina, baba kashinda! Wallahi kashinda! Tuzo wamempa yeye. Nimekutumia barua ya waamuzi, mimi Kiswahili chao kinanishinda. Njoo umsomee, hataki kusomewa na mtu mwingine."

Muhsina akapiga honi kwa furaha, na dereva wa lori akatoa mkono dirishani kumuuliza ana nini. Kitabu kile, riwaya ya Maalim, alikichapa yeye, kwa miezi kumi na minne, na kila ukurasa aliujua kama anavyoijua jikoni kwake. Alipofika Khuwair ya Kusini akaegesha mbele ya ofisi, akaifungua barua kabla hajazima injini. Aya ya kwanza ilimsifu Maalim. Ya pili ilimsifu zaidi. Ya tatu ilisema kwamba waamuzi wote watano walikata shauri kwa sababu ya ukurasa mmoja, ukurasa wa mia na kumi na mbili, na wakanukuu hapo mistari minne ambayo waliiita moyo wa riwaya yote.

Akaisoma mistari ile mara mbili. Kisha akazima injini akakaa, joto la Mei likamwingilia garini asiwe na habari nalo. Mistari ile minne haikuwa ya Maalim. Ilikuwa yake.

Sasa, kabla mtu hajamhukumu Muhsina, na wapo watakaomhukumu, amjue kwanza Maalim mwenyewe.

Abukar Isse alizaliwa Barawa, pwani ya Somalia, mji ambao watu wake nyumbani husema Chimini, lugha iliyo ndugu wa Kiswahili kabisa. Alikuwa mwalimu Mogadishu, akaandika riwaya kwa Kisomali, watu wakaipenda. Akaandika ya pili, habari za mkuu wa mkoa aliyeamrisha saa zote za mkoani ziende kwa saa yake ya mkononi, ambayo ilikuwa mbovu. Raia wangecheka sana lau wangeisoma. Serikali haikucheka. Vitabu vilikusanywa kiwandani gundi haijakauka, na mwandishi akalala ndani miezi minane. Alipotoka akarudi Barawa kwa mama yake, akafundisha watoto, kalamu akaiweka kando. Mwaka 1991 vita vikaufikia mji, nyumba yao ikaporwa mara tatu, mara ya tatu hata milango ikang'olewa. Akampakia mama yake kwenye boti ya mbao ya injini pamoja na watu thelathini na kitu, wakaelekea Mombasa. Yeye alifika. Mama hakufika.

Kutoka kambi ya wakimbizi Mombasa, binamu yake alimvuta Maskati. Akapata kazi ya maktaba katika skuli moja ya binafsi, na kwa miaka ishirini na miwili akagonga mihuri vitabu vya watu wengine bila kumwambia mtu kwamba yeye pia aliwahi kuandika. Akaoa, akazaa Balqis, mke akafariki. Presha ya macho nayo ikaanza kumla nuru kidogo kidogo, hata akabakiwa na kuona mwanga na vivuli tu.

Muhsina alikutana naye kazini. Ofisi yao huchapa maombi ya serikali, ya ukaazi, ya leseni, ya kila kitu, na Balqis alikuwa amemleta baba yake kubadilisha kitambulisho. Muhsina akauliza kwa Kiarabu, "Kazi yake?" Mzee akajibu, "Sina." Kisha akanong'ona kwa binti yake, kwa Kiswahili, "Mwandishi wa hadithi, lakini usimwambie, atacheka." Muhsina hakucheka. Alimjibu kwa Kiswahili kile kile cha nyumbani kwao, cha Unguja, kwamba yeye hadithi huzila kwa kijiko. Mzee akageuza uso kuitafuta sauti ile, na tangu siku hiyo hawakuachana.

Alikuwa na riwaya kichwani miaka thelathini. Aliitaka kwa Kiswahili. Wasomaji wake wa Kisomali, alisema, wametawanyika dunia nzima, na mama yake Kisomali alikisema sokoni tu, akirudi nyumbani hukivua pamoja na viatu. Kwa kuwa hakuweza kuandika, wakatafuta njia yao. Kila baada ya sala ya alfajiri Maalim alimtumia Muhsina ujumbe wa sauti, dakika tatu, nne, tano. Muhsina akiusikiliza mlimani, akiuchapa mapumziko ya adhuhuri mlango umefungwa, na kila Alkhamisi jioni akienda kumsomea yaliyochapwa. Maalim husikiliza ameinamisha kichwa, kikombe cha kahawa ya tangawizi mkononi. "Futa hapo." "Rudia." "Hiyo koma umeila wewe." Kweli, hata koma iliyokosekana aliisikia.

Siku moja ujumbe ulikuwa mfupi. Mama wa yule mtu wa kwenye riwaya anafariki baharini siku ya tatu. Kisha Maalim akasema, "Hapakuwa na wasaa. Tukamtupa." Sentensi iliyofuata ilikuwa imeshafika Mombasa.

Muhsina alisimamisha gari pembezoni mwa barabara. Mtu mwingine angesikitika kidogo akaendelea na safari. Yeye ni mtoto wa Bi Zakiya, na Bi Zakiya kwa miaka arobaini ndiye aliyekuwa mwosha maiti wa wanawake wa Kizanzibari hapa Maskati, mtu anayeitwa kabla hata ndugu hawajaitwa. Tangu ana miaka kumi na mitano Muhsina alimbebea mama yake ndoo, pamba na kafuri. Katika nyumba ile, maiti akiwa bado hajaoshwa na kuswaliwa, hakuna aliyekula wala kukaa. Na sasa yeye ndiye aliyetakiwa kuandika "Tukamtupa," aweke nukta, afungue kopo la mtindi, ale.

Akachapa. Ikamshinda. Mchana ule alikosea tarehe ya kuzaliwa ya mteja, mtu wa miaka hamsini akatoka ofisini ana miaka mitano. Mwishoni akarudi kwenye ukurasa ule akaongeza mistari minne, kwa siku moja tu, nafsi itulie, kesho ataifuta. Alkhamisi alipomsomea Maalim, mistari ile akairuka. Maalim akasema, "Vizuri, iache hivyo hivyo." Kesho ikapita, na mtondo, na mtondogoo. Kila alipoweka kidole kwenye kitufe cha kufutia, alimwona yule bibi yuko majini hivi hivi, akakiondoa. Riwaya ikaenda kwa mchapishaji Unguja na mistari ikiwa imekaa humo raha mustarehe. Kitabu kikatoka. Maalim haoni, Balqis alisoma jalada akapiga picha, na Muhsina akajiambia kwamba Mungu ni mwenye kusitiri.

Sasa sitara ilikuwa inamtoka. Barua ilisema kwamba Jumamosi ya wiki inayofuata mwenyekiti wa waamuzi atakuja Maskati mwenyewe, sherehe itafanywa katika ukumbi mmoja wa Hail, na ukurasa wa mia na kumi na mbili utasomwa mbele ya watu. Maalim ataisikia mistari ile kwa mara ya kwanza mbele ya hadhara, ikisifiwa kwa jina lake.

Jumatano ile ile Muhsina alimwambia Balqis ana mafua. Alkhamisi, siku ya kusoma, akasema mafua yamekuwa homa. Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, Bi Zakiya akamtazama binti yake mwenye miaka arobaini na sita akichezea punje za wali kwa uma.

"Homa gani hiyo inayokuja ukitajiwa Maalim?" akauliza. "Sema."

Akasema yote. Bi Zakiya akasikiliza mpaka mwisho, kisha akakamata kichwa.

"Wee Muhsina! Umemkafini maiti wa watu kwa kompyuta?"

"Nilishindwa, mama."

"Nnajua ulishindwa, mimi ndo nlokulea. Lakini maiti yule ana mwenyewe. Miaka arobaini sikumgusa maiti sijaomba ruhusa kwa watu wake. Hata wa kuokotwa asiye na mtu, nnamuuliza kadhi kwanza. Wewe umemwuliza nani?"

Muhsina akaweka uma chini.

"Nenda ukamtake radhi. Sasa hivi, si kesho."

"Akinifukuza je?"

"Akikufukuza utarudi hapa, wapi pengine? Wali upo."

Barabara ya mlimani siku ya Ijumaa mchana ni tupu, na kwa mara ya kwanza maishani Muhsina aliitamani ile foleni. Saa nane na nusu alikuwa mlangoni kwa Maalim. Alimkuta amekaa kwenye kiti chake, kofia safi, uso unang'ara. Miaka thelathini na nne ya ugeni, na hatimaye kuna watu mahali waliosema: huyu ni mwandishi. Barua ilikuwa mapajani mwake, Balqis amemchapishia, naye alikuwa akiipapasa kwa vidole.

"Mgonjwa wetu kafika!" akasema. "Haya, mwanangu, nisomee. Siku tatu nimekaa na barua yangu kama mtu aliyepewa sanduku bila ufunguo."

Muhsina akasoma aya ya kwanza kwenye simu yake. Maalim akatabasamu. Akasoma ya pili. Maalim akafuta jicho. Hapo akaishusha simu.

"Endelea."

"Siwezi, Maalim. Aya ya tatu inasifu mistari minne ambayo si yako. Niliitia mimi. Pale mama anapofariki. Niliitia mimi, na nilipokuja kukusomea nikairuka."

Balqis alikuwa anaingia na sinia la vikombe. Akasimama pale pale. Kidole cha Maalim kilisimama juu ya karatasi.

"Isome," akasema.

Muhsina akasoma, na hakuwahi kuchukia sauti yake mwenyewe kama siku ile:

*Wanawake watatu wakamzungushia mama yangu kanga zao, wakamwosha kwa maji waliyoyateka kwa ndoo ya boti. Mmoja akafungua furushi lake akatoa kanga mpya aliyoiweka kwa harusi ya bintiye, wakamkafini nayo. Wanaume tisa wakapanga safu, boti inayumba, wanashikana mabega wasianguke, wakamswalia. Ndipo tulipompa bahari, naye ana kila haki yake.*

"Hiyo kanga umeitoa wapi?"

"Kwa mama. Akiitwa kwa maiti maskini, huchukua kanga yake mpya ikiwa sanda imekosekana."

"Ukanisomea Alkhamisi ile, nami nikakwambia vizuri," Maalim akasema taratibu, na utaratibu wake ulitisha kuliko kelele. "Na wewe umeshikilia karatasi yenye maneno yako, unayaruka, mbele ya mtu asiyeona."

"Ndiyo, Maalim."

"Mtu asiyeona, Muhsina."

Hapo akalia. Alijua fika kwamba kosa lake kubwa lilikuwa lile la Alkhamisi. Akasema atampigia mwenyekiti yeye mwenyewe, atasema kosa ni lake peke yake, mistari itolewe, kitabu kirudishwe alivyokisema mwenyewe.

"Kirudishwe vipi?"

"Kama ulivyosema. Kwamba hapakuwa na wasaa."

Maalim akaikunja barua mara mbili.

"Wasaa ulikuwepo," akasema.

Balqis akaliweka sinia chini.

"Alikufa saa mbili za asubuhi. Bahari imetulia kama sakafu. Nahodha alizima injini mwenyewe akaniambia, Maalim, tunakungoja wewe. Kina mama walishateka maji, hilo umelipatia. Mimi ndiye niliyekuwa msomi wao mle, mimi ndiye mtoto wa maiti. Nikakataa. Nilikuwa nimekasirika, Balqis. Nimekasirika na Aliyeniumba, nikasema leo sisemi Naye neno. Nikawaambia, mtupeni. Wakaniomba. Mwanamke mmoja wa pembeni akaniomba kwa jina la mama yake. Nikawapigia kelele, mtupeni! Nani angethubutu kumswalia mama wa mtu na mwanawe kakataa? Wakanitii." Akaikunja barua tena. "Mombasa nilirudi kuswali, na sijaacha tena. Lakini hilo sikumwambia mtu. Nikaona nikiandika kwa ufasaha kwamba hapakuwa na wasaa, labda litageuka kuwa kweli."

Balqis alimtazama baba yake kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Na Muhsina, ambaye angepaswa kutafuta neno la kumliwaza, akauliza swali ambalo mtoto wa mwosha maiti tu ndiye angeliuliza saa ile.

"Kwa hivyo mpaka leo hajaswaliwa?"

"Hajaswaliwa."

"Basi haki yake bado ipo, Maalim. Nyinyi Mashafii mnayo sala ya ghaibu, ya kumswalia maiti asiyekuwepo."

"Naijua. Nimeifundisha watoto darasani. Miaka yote nikitaka kuisimamia miguu inakataa."

"Mimi na Balqis tuko hapa. Simama."

Muhsina akadhani sasa ndipo atakapofukuzwa. Kisha mzee akanyoosha mkono. Balqis akamshika akampeleka kutia udhu, wakasikia maji yakimwagika kwa muda mrefu. Busati likatandikwa. Saa tisa kamili Maalim Abukar akasimama mbele, wanawake wawili nyuma yake, akamswalia mama yake takbira nne, sala fupi isiyo na rukuu wala sijda, isiyozidi dakika tano. Alipotoa salamu, mabega yake yalishuka. Akalia kwa sauti, bila kumwonea mtu haya, machozi ya mtu aliyetuliwa mzigo, na alipomaliza akaomba chai. Akaomba na biskuti. Balqis alicheka huku analia, Muhsina naye akacheka, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano kifua chake kikafunguka akavuta pumzi mpaka ndani.

"Nimekusamehe," Maalim akamwambia, mdomo umejaa. "Lakini utanisomea kitabu kizima upya tangu mwanzo, na Balqis atasimama nyuma yako kuangalia kidole. Haya, toa simu, andika."

Akausema ukurasa ule upya kwa dakika ishirini bila kufuta neno. Mistari minne Muhsina aliitoa kwa mkono wake mwenyewe, na haikumuuma. Jioni ile ile Maalim akampigia mwenyekiti Unguja, akamweleza kila kitu, akamwambia kama tuzo wanaitaka waichukue, yeye leo hana deni na mtu. Mwenyekiti akasema lazima azungumze na wenzake. Jumatatu akapiga: wenzake wamebishana sana, lakini ukurasa mpya wameusoma, na tuzo haiendi popote.

Jumamosi ukumbi wa Hail ulijaa. Watu wa Unguja walikuwepo, na wa bara, na Wabarawa wachache waliokuja na watoto wao, watu kama mia mbili hivi, na harufu ya udi mpaka uani. Maalim akapewa tuzo yake, akaishika kifuani. Alipoombwa asome, akasema macho yake yako pale, akamwonyesha Muhsina.

Muhsina akasoma ukurasa mpya. Akasoma habari ya injini iliyozimwa na ya wanawake waliokwisha kuteka maji. Akasoma neno *mtupeni*, mara zote mbili. Akafika mwisho:

*Dahabo binti Sufi aliswaliwa Khuwair ya Kusini, Maskati, siku ya Ijumaa saa tisa mchana, miaka thelathini na nne baada ya kufa. Waliomswalia walikuwa watatu. Aliyechelewa ni mwanawe.*

Hakuna aliyepiga makofi. Maalim aligeuza uso huku na huku, akitafuta kitu katika ule mwanga wake hafifu, na Muhsina akaona hofu inampanda mzee.

"Wamenyamaza kwa nini?" akanong'ona. "Wamechukia?"

Upande wa wanawake sauti ya Bi Zakiya ikasema, bila kupaazwa, "Al-Fatiha." Viti vikalia. Mikono mia mbili, mia nne, ikanyanyuka, na mnong'ono ukaujaza ukumbi ule tangu mlangoni mpaka jukwaani.

Muhsina akainama sikioni mwake.

"Wanamsomea mama yako, Maalim."

Mzee akampa tuzo amshikie, akainua mikono yake miwili, akasoma pamoja nao.